Filta ya Hewa kwa Pikipiki Iliyoongezwa Nguvu

Pikipiki zenye injini ya mtindo wa CG zimeenea Tanzania nzima, na nyingi zilizoandikwa 125 kwenye kadi si 125 tena. Fundi ametoa bloku yenye pistoni ya milimita 56.5 na kuweka ya 62. Mwendo wa pistoni umebaki ule ule wa milimita 49.5, kwa hiyo injini iliyokuwa na cc 124 sasa ina cc 149. Kabureta imepandishwa, ekzosi imefunguliwa, na kilichobaki cha kiwandani ni boksi la filta lililojificha nyuma ya kava la pembeni. Hapo ndipo mwenye pikipiki anapoanza kuziangalia zile filta za koni zinazong'aa kwenye maduka ya spea, huku akiambiwa kwamba akifunga moja pikipiki "itafunguka".

Nakuomba usitoe hela bado. Ni kweli kwamba injini iliyoongezwa ujazo inahitaji hewa zaidi. Lakini kazi ya kwanza ya filta ni kuzuia vumbi, na injini inayovuta hewa zaidi inavuta vumbi zaidi pia. Muuzaji anayekupa filta bila kukuuliza unapita barabara gani anakuuzia pambo.

Tupige hesabu kidogo. Injini hii hunyonya hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, cc 149 zinajazwa mara 4,000, yaani karibu lita 600 kwa dakika. Kiuhalisia hupungua, maana silinda haijai kikamilifu kila mara, na hakuna anayekimbiza injini hivyo kutwa nzima. Hata hivyo, ukiikimbiza kwa saa moja tu, kwa hesabu hiyo itakuwa imevuta mita za ujazo 36, sawa na hewa yote ya chumba cha mita tatu kwa nne chenye kimo cha mita tatu. Sasa fikiria hewa hiyo inatoka nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi mwezi wa Septemba.

Vumbi la barabarani limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe kubwa unaziona na filta karibu yoyote itazikamata. Zinazoua ni ndogo, zile za mikroni tano, kumi, ishirini, ambazo huwezi kuziona moja moja kwa macho. Hizo huingia kati ya ringi na silinda, zikasaga pande zote mbili, kisha zikashuka kwenye oili na kuanza safari ya kwenda kwenye beringi. Injini ya CG haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu na kikombe kinachozunguka kwa kasi ili kutupa uchafu pembeni, basi. Honda walipoitengeneza CG125 katikati ya miaka ya 1970 walilenga nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na hupata matunzo haba, na ndiyo maana wakaipa vali zinazosukumwa na fimbo na vitu vichache vya kurekebisha. Uvumilivu huo una mpaka. Injini ya CG hustahimili mengi, lakini mchanga ndani ya silinda haiustahimili.

Kabla ya kununua chochote, jua kama boksi ulilonalo linaibana injini kweli. Safisha filta iliyopo, au weka mpya ya aina ile ile kama ya zamani imechoka. Mara nyingi ugonjwa wote huishia hapo, maana filta ya karatasi iliyoziba inaweza kuifanya 150 ivute kama 100. Kama bado huridhiki, tafuta kipande cha lami kisicho na vumbi, endesha kilomita moja boksi likiwa limefungwa, kisha fungua mfuniko wa boksi na urudie kipande kile kile kwa gia zile zile. Usiendeshe mbali zaidi ya hapo bila mfuniko. Ukiona hakuna tofauti yoyote, boksi halikuwa linabana, na koni haitakupa kitu zaidi ya mngurumo. Ukiona pikipiki imebadilika, hata kama imeanza kukohoa au kukatakata kwenye mzunguko wa juu, basi hewa ilikuwa imebanwa, na sasa kabureta inalalamika kwa sababu petroli haijaongezwa kulingana na hewa mpya.

Kuhusu huo mngurumo, niseme wazi. Ukitoa boksi, sauti ya hewa inayoingia kwenye kabureta inatoka wazi karibu na paja lako, na masikio huitafsiri kuwa ni nguvu. Wengi huapa kwamba pikipiki imepata kasi ilhali imepoteza. Boksi na mpira unaoliunganisha na kabureta havikuwekwa kwa ajili ya kubeba filta tu. Urefu wa mpira na ujazo wa boksi husaidia silinda kujaa vizuri kwenye mzunguko wa chini na wa kati, ambako bodaboda yenye abiria wawili na gunia hufanya kazi yake. Ukifunga koni moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, mara nyingi utapata kidogo juu kabisa na kupoteza pale unapoondokea. Kwa anayepanda mlima kwa gia ya pili kila siku, hiyo ni biashara mbaya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa pikipiki ya kazi ni kwamba boksi libaki, na uliboreshe. Anza na tundu la kuingizia hewa. Kabureta ya milimita 26 ina mdomo wenye eneo la karibu sentimita za mraba 5.3. Ukipandisha hadi milimita 30 eneo linafika 7.1. Sasa pima bomba dogo linaloingiza hewa ndani ya boksi. Likiwa na kipenyo cha milimita 25, eneo lake halifiki 5, na hapo unaona wapi pamebana bila kubahatisha. Ongeza tundu, lakini kwa masharti. Litobolewe upande wa nje wa filta, yaani upande wa hewa ambayo bado haijachujwa. Likae juu, chini ya kiti, mahali ambapo tairi la nyuma haliwezi kurushia tope wala maji ya mvua kuingia moja kwa moja. Tundu moja la milimita 25 juu ya lile la awali linatosha kabisa kwa injini ya cc 149. Usiligeuze boksi kuwa chekecheo. Kingo ulizokata zisugue kwa msasa na uondoe kila unga wa plastiki kabla ya kurudisha filta.

Ndani ya boksi, chaguo langu ni filta ya sponji iliyotiwa mafuta. Karatasi huchuja vizuri sana ikiwa mpya na kavu, ila ikilowa imekufa, na ikijaa vumbi haioshwi. Filta za pamba zenye mafuta, ambazo K&N wa California walizitangaza duniani, hupitisha hewa kwa wingi na huoshwa, na kwa mtu wa lami ni nzuri, ingawa kwa vumbi laini la barabara zetu hazinipi usingizi. Sponji yenye mafuta hukamata vumbi katika unene wake wote, haliishii juu tu, na huendelea kupitisha hewa hata ikiwa chafu kiasi. Ndiyo maana mashindano ya pikipiki za matope na mchanga hutegemea sponji. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya filta, yenye matundu yaliyo sawa. Wapo wanaokata sponji la godoro na kulishindilia ndani ya boksi. Matundu yake hayalingani, mafuta na petroli hulimomonyoa, na vipande vyake ukivikuta ndani ya kabureta umepata hasara ya pili. Epuka pia filta ya wavu wa chuma mtupu: inazuia kokoto na mende, vumbi inaliacha lipite.

Lakini kuna pikipiki ambazo boksi limeshatoka na haliwezi kurudi, kwa kuwa kabureta mpya ni ndefu au fremu imekatwa. Hapo koni haikwepeki, basi ichague kwa makini. Pima mdomo wa kabureta kwa nje kwa kutumia kalipa. Kama huna, zungushia ukanda wa karatasi, weka alama unapokutana, pima urefu wake kwa rula na ugawanye kwa 3.14. Filta iwe na shingo ya kipimo hicho hicho. Iliyo kubwa ukaibana kwa klipu itajikunja, na kila mkunjo ni njia ya vumbi. Chagua koni ya sponji ya tabaka mbili badala ya ile yenye kifuniko kikubwa cha kung'aa, maana kile kifuniko huchukua nafasi ambayo hewa ingepita. Angalia pia kina cha shingo ndani ya filta. Ikipita ikaziba vitundu vidogo vilivyo kwenye mdomo wa kabureta, sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujaongeza moto, haitakaa hata ukeshe na bisibisi, kwa sababu vitundu hivyo ndivyo vinavyopitishia hewa ya mfumo wa chini.

Ukiwa na kabureta ya utando, yaani ile yenye mfuniko mpana juu na mpira mwembamba unaonyanyua slaidi, nakusihi sana uache boksi mahali pake. Slaidi yake hunyanyuliwa na tofauti ya msukumo wa hewa kati ya mdomo wa mbele na ndani ya kabureta. Ukiondoa boksi, hewa ya mbele inayumba kwa upepo na kwa mwendo, na pikipiki hukwama katikati ya kuongeza moto. Mafundi wengi hulaumu jeti kwa kosa hili na kubadili jeti hadi wanachoka.

Usisahau mpira wa kupumulia injini. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, mpira huo hutoka kwenye injini na kuingia kwenye boksi la filta. Boksi likitoka, huachwa ukining'inia, na kila pistoni inapopanda injini huvuta pumzi ya vumbi kupitia mlango wa nyuma huku wewe umetumia hela kuulinda wa mbele. Ufungie filta ndogo ya kupumulia, au uupandishe juu chini ya tangi na kuuingiza kwenye chupa ndogo yenye sponji. Usiuzibe kabisa. Msukumo wa ndani ukikosa njia utasukuma sili na oili itaanza kuvuja.

Sasa kufunga kwenyewe. Kuna watu hununua filta ya bei kubwa na kuikalisha kwenye mpira uliopasuka. Kagua mpira unaounganisha boksi na kabureta kwa kuukunja kwa vidole, maana nyufa hujificha kwenye mikunjo. Safisha ukingo wa boksi hadi ung'ae. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo ambapo filta inakaa, kisha ikalishe na uzungushe kidole pembeni yote kuhakikisha haikunjiki. Kaza klipu kwa wastani. Halafu paka utando mwembamba wa grisi ndani ya mpira ule, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Baada ya wiki moja ya kazi fungua, vingirisha kitambaa cheupe kwenye kidole, na upanguse. Grisi ikitoka na rangi yake ile ile, kazi imekaa. Ikitoka na rangi ya udongo na kukwaruza ukiisugua kati ya vidole viwili, vumbi linapita. Ukiangalia vizuri utaona michirizi yake, na michirizi hiyo itakuelekeza linapoingilia. Hakuna kipimo rahisi na cha kweli kama hiki, na hakigharimu kitu.

Filta ikishapitisha hewa zaidi, kabureta lazima ipewe petroli zaidi. Hapa ndipo pistoni nyingi zinapoharibika. Hewa ikizidi, moto ndani ya silinda huwa mkali, pistoni hupanuka na kukwaruza, na dalili za mwanzo ni rahisi kuzipuuza: pikipiki inakuwa nyepesi, inapasua ekzosini unapoachia moto, inahitaji choki asubuhi kwa muda mrefu kuliko zamani. Usichore picha ya jeti kichwani. Nunua kadhaa. Kama ndani umekuta 95, pata 98, 100, 102, 105 na 108, zote za mtengenezaji mmoja, na uhakikishe uzi wake ni wa kabureta yako, maana jeti za Keihin na za Mikuni hazibadilishani na namba zake hazipimwi kwa mfumo mmoja.

Anza na kubwa, kisha shuka. Petroli ikizidi kidogo utapata moshi mweusi na ulaji mbaya, hasara inayorekebishika. Hewa ikizidi unaweza kulipia bloku nyingine. Weka 105, endesha injini mpaka ipate moto, nenda kwenye barabara iliyonyooka isiyo na watu, ukiwa na kofia na bila abiria. Fungua moto wote kwa gia ya tatu. Ikiwa inabwabwaja na kukataa kupanda, petroli imezidi, shuka namba moja. Ikiwa inavuta, ukirudisha moto kidogo tu ikashtuka na kuongeza kasi, petroli haitoshi, panda. Jeti kuu hutawala robo ya mwisho ya moto. Katikati, ambako bodaboda huishi, anayetawala ni sindano. Ukiteremsha klipu yake tundu moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Kwa sailensa zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole injini ikiwa ya moto, mpaka mzunguko ufike juu kabisa, kisha rudisha mzunguko chini kwa skrubu ya slaidi.

Mwisho soma plagi, iliyo mpya. Kwa CG plagi ya kawaida ni D8EA. Baada ya kuvuta kwa moto wote, kamata klachi na uzime injini papo hapo, simama pembeni, acha ipoe kidogo, ifungue. Tazama kaure nyeupe kwa ndani kabisa, inakoshikana na chuma, usiishie kwenye ncha. Rangi ya kahawia hafifu inapendeza. Nyeupe kama chokaa yenye vidoti ni hatari, usiendeshe kwa nguvu mpaka uongeze jeti. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi. Ikiwa imelowa oili, tatizo lako ni ringi au sili za vali, na filta hiyo mpya imechelewa.

Kuitunza ndiko kunakofanya filta hii iwe na thamani ya hela yake. Sponji ioshe kwanza kwa mafuta ya taa ili mafuta ya zamani yatoke, kisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja, usiipinde kama nguo, itachanika kwenye gundi. Petroli usiitumie: inalegeza gundi, na hatari ya moto haina haja ya maelezo. Ianike kivulini hadi ikauke kabisa. Kisha itie mafuta maalumu ya filta ukiyapata, na usipoyapata oili ya gia namba 90 inafaa. Vitabu vya Honda vya pikipiki za zamani viliagiza hiyo hiyo. Oili ya injini ni nyepesi, ikilala usiku inachuruzika yote chini na asubuhi nusu ya juu ya sponji iko kavu. Mimina kiasi, bonyezabonyeza mpaka rangi ilingane kote, kisha bana kwa nguvu ili inayozidi itoke. Sponji inayodondosha oili imetiwa kupita kiasi.

Kwa barabara ya vumbi itazame kila wiki. Kwa mtu wa lami ya mjini mara moja kwa mwezi inatosha. Masika yakianza, hakikisha bomba dogo la kutolea maji chini ya boksi halijaziba, na mwenye koni aifunike kwa koti la filta na kuweka kipande cha mpira kati yake na tairi la nyuma. Kwenye maji yanayofika usawa wa koni usipite. Shuka usukume injini ikiwa imezimwa, kwa kuwa pistoni haiwezi kuyabana maji na kitakachopinda ni rodi.

Jeti ulizotoa usizitupe. Zifunge kwenye mfuko mdogo ukiandika namba zake, uziweke pamoja na spana zako chini ya kiti. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia kumi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa vizuri Dar es Salaam, kando ya bahari, itakuwa na petroli iliyozidi ikihamia Mbeya, kwenye mita kama 1,700. Ukikaa huko, shuka namba mbili au tatu za jeti kuu na usome plagi upya. Ukirudi pwani, rudisha ile kubwa kabla hujaanza kukimbiza.